Nchi ya Asili: Andika Hapa

Hoteli yenyewe haina jina ubaoni. Madereva wa trela huiita kwa Mama Chapo, na harufu inakupeleka hata kama hujui njia. Iko Busia, upande wa Kenya, kando ya foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kuingia Uganda. Juu ya jiko pamebandikwa bango lililoachwa na mwanafunzi wa sanaa wa Makerere. Kijana alikuwa akielekea Nairobi, akala chapati nne na chai mbili, kisha akapapasa mifuko yote na kukuta vumbi. Mama alilichukua bango rehani.

Ni nakala ya kazi ya Pablo Picasso ya mwaka 1912, Vitu vya Mezani na Kiti cha Henzerani. Umbo lake ni la yai, limezungushiwa kamba. Ndani mna glasi iliyovunjika pande zake zikatawanyika, kiko, kisu, kipande cha limau, kombe la baharini, na herufi tatu kubwa: JOU. Mama hakuuliza ni kitu gani. Kwake ni deni. Waliouliza ni wale wanaobaki ndani usiku, mlango ukishafungwa.

BIRIKA: Nimeitazama picha hii siku nyingi nikiwa juu ya moto na sina shaka tena. Ni ajali. Trela la vyombo limepinduka.

JERIKENI: Ajali gani, mama? Hakuna umati, hakuna anayepiga picha kwa simu, hakuna askari anayeuliza leseni. Huo ni msako. Wameshusha mzigo wakaukatakata kutafuta kilichofichwa ndani. Mimi nimeshapasuliwa tumbo mara mbili, nazijua alama.

MHURI: Msako wa kisheria hauachi vitu katika hali hiyo. Kwanza niambieni, jina la bidhaa ni nini?

(Mhuri huyu ni wa wakala wa forodha aliyekula hapa mchana akamsahau kando ya sahani. Ni mfupi kuliko glasi ya chai, ila hajawahi kuambiwa.)

PANYA, kutoka nyuma ya gunia la unga: Mnajichosha. Niulizeni mimi.

BIRIKA: Wewe? Unajua nini kisichokuwa unga?

PANYA: Kijana alilala kwenye benchi akisubiri basi, mkoba wake ukalala chini. Nilikula historia ya sanaa kuanzia 1907 mpaka 1914. Sura iliyofuata ilikuwa na gundi mbaya. Na nyinyi watu wa mpaka mnanidharau bure. Njia zote za magendo hapa zina jina langu, na sijapata hata punje moja ya mahindi kama ada.

MHURI: Njia hizo si halali.

PANYA: Sikuzipa jina mimi. Sasa sikilizeni. Mwaka 1907 huyu Picasso, kijana wa Kihispania aliyehamia Paris, aliingia makumbusho ya Trocadéro akakutana na vinyago vya Afrika. Alitoka humo si yule aliyeingia. Mwaka uliofuata rafiki yake Georges Braque akaonyesha picha ambazo nyumba na miti yake vilikuwa kama visanduku vilivyopangwa juu ya kilima. Mwandishi mmoja, Louis Vauxcelles, akamcheka gazetini kwamba amegeuza kila kitu kuwa michemraba. Dhihaka ikashika, ikawa jina la mtindo mzima: Kyubizimu.

JERIKENI: Kumbe ni mchongoano! Wakajiita walivyotukanwa.

PANYA: Wakafanya kazi bega kwa bega mpaka vita vya 1914, na picha zao nyingine hata wajuzi walizichanganya, hawajui ipi ya nani. Wala hawakuchora wafalme. Walichora chupa, gazeti, gitaa, bakuli la matunda. Vitu vya mezani. Sisi.

PLASTIKI YA MEZA: Nyamazeni kidogo. Hapo chini kushoto, pale palipo kama pamesukwa, pananitazama. Pale ni nini?

PANYA: Wengi hudhani ni kiti. Siyo. Ni kipande cha kitambaa cha mezani kilichopakwa mafuta kisishike maji, kikachapwa kiwandani kionekane kama henzerani. Picasso alikikata akakigandisha kwenye picha, akapaka rangi pembeni na juu yake.

PLASTIKI: Kitambaa cha mezani kisichoshika maji! Mmesikia? Ni mimi! Mimi mwenye zabibu ambazo nusu ya wateja hawajawahi kuzionja, mimi ninayemwagiwa supu kila mchana. Glasi imechorwa, limau limechorwa, kisu kimechorwa. Mimi peke yangu nilikwenda mwenyewe.

KAMBA: Na mimi. Ile kamba inayozunguka ilikuwa kamba kweli.

PLASTIKI: Haya, na wewe. Lakini mimi niko ndani, wewe uko nje.

KAMBA: Nakuzuia usimwagike.

BIRIKA: Sioni cha kujivunia. Kitambaa kinajidai henzerani na si henzerani. Huo ni uongo.

PLASTIKI: Mama, mimi najidai zabibu. Umewahi kumwona mteja akinidonoa? Uongo wangu uko wazi mchana kweupe. Mdanganyifu ni yule mchoraji wa zamani aliyepaka glasi ikang'aa mpaka unasikia kiu. Huyo ndiye aliyekuwa na jambo la kuficha. Huyu wa Paris aliweka uongo wa kiwandani karibu na uongo wa mkono, akatuacha tuchague.

(Inafaa kukiri kwamba kwa kitambaa kinachofutwa kwa sabuni ya unga, hoja hiyo si nyepesi. Wapo walioandika vitabu vinene bila kuifikia.)

JERIKENI: Na zile herufi? J, O, U.

BAISKELI, akiwa ameegemea mlango: Hizo niachieni mimi wa Tororo. Kwetu, kwa Jopadhola, ukisema "jo" umesema watu. Jo-U. Jo-Uganda! Picha ni yetu, ssebo. Ibandueni niende nayo.

PANYA: Ni gazeti. Neno la Kifaransa la gazeti linaanza hivyo, mengine yamekatwa. Na kwa Kifaransa hicho hicho, kucheza nako kunaanza na herufi hizo hizo, kwa hiyo hujui kama anasoma au anakutania.

BIRIKA: Hilo halinishangazi. Mandazi yote yanayotoka hapa yamefungwa kwenye nusu ya habari. Juzi mteja alisoma kwamba waziri amejiuz... na hapo mafuta yalikuwa yameshalowa.

JERIKENI: Amejiuzulu au amejiuza?

BIRIKA: Alinunua andazi la pili kutafuta jibu. Akapata matokeo ya mpira.

MHURI: Mnacheka, lakini swali langu halijajibiwa. Tazameni hiyo glasi. Mdomo wake umechorwa kwa mtu aliyesimama, ubavu wake kwa mtu aliyekaa, na kitako chake sijui kwa mtu aliye wapi. Bidhaa ina uso mmoja. Mkaguzi atasimama upande gani?

BAISKELI: Azunguke.

MHURI: Mkaguzi hazunguki. Mzigo ndio unaoletwa mbele yake.

BAISKELI: Ndiyo sababu huoni. Wewe umekaa kwenye kidau cha wino, mimi nimetembea. Lichukue Jiwe la Tororo. Ukitoka Malaba unaliona lina sura yake. Ukitoka Mbale lina nyingine, unadhani wamelibadilisha usiku. Ukifika mjini chini yake si jiwe tena, ni ukuta umekuzibia jua. Sasa uniambie nilichore. Nichore lipi? Mpiga picha atasimama barabarani, atafumba jicho moja, atapiga, atasema hili hapa. Huyo amepiga picha ya mahali aliposimama. Mimi nikilikumbuka jiwe langu linakuja na pande zote, pamoja na jasho la kulizunguka. Yule bwana wa Paris nadhani alikuwa na baiskeli.

PANYA: Kitabuni sikukuta baiskeli.

BAISKELI: Labda ilikuwa kwenye sura yenye gundi.

JERIKENI: Lakini mzee amesema kweli. Mimi mpaka wenyewe naujua kwa pande zote, ingawa mara nyingi kwa giza.

BAISKELI: Mnakumbuka zamani? Kituo cha Kenya huku, cha Uganda kule, katikati pengo ambalo si la mtu. Gari lako haliruhusiwi na miguu imechoka. Tangu miaka ya 1960 pengo hilo ndilo lililotulisha sisi baiskeli, mpaka pikipiki zikatuchukulia kazi na jina juu yake. Abiria mbele ya ofisi hii ni Mkenya anayeondoka, mbele ya ile ni mgeni anayeingia, na juu ya kiti changu cha nyuma ni kilo themanini tu.

MHURI: Mambo hayo yamekwisha. Mwaka 2018 marais wawili walifungua kituo cha pamoja hapa Busia. Sasa unasimama mara moja tu, upande unakokwenda. Pande mbili zimekuwa moja.

PANYA: Yaani mmejenga Kyubizimu kwa saruji, na bado mnamwuliza mchoraji ana wazimu gani.

BIRIKA: Mimi haya mambo ya pande yananikera tangu zamani. Birika aliyenitangulia kwenye jiko hili alikuwa akisema kwamba hapa tulipo palikuwa Uganda, mpaka 1902 Waingereza walipolihamisha jimbo zima la mashariki mwa Uganda kwenda kwa majirani. Wateso walilala upande mmoja, wakaamka wako pande mbili, na shamba halijasogea. Halafu Februari 1976 Idi Amin akaitazama ramani ya zamani kwa jicho lake, akatangaza kwamba magharibi mwa Kenya ni mali yake. Kwa siku kadhaa yule birika hakujua achemshe chai ya nani.

JERIKENI: Kwa hiyo kufasiri picha si mchezo.

BIRIKA: Inategemea anayefasiri ana jeshi au hana.

MHURI: Nimewaachia mpige soga za kutosha. Tufanye kazi. Mzigo ukiwa chini ya dola 2,000 na umetoka ndani ya Jumuiya, tunatumia cheti chepesi cha asili, hata mama wa nyanya anaweza kukijaza. Naanza. Thamani?

PANYA: Haijulikani. Mchoraji hakuiuza, alikaa nayo mpaka alipofariki 1973. Serikali ya Ufaransa iliipata baadaye kama sehemu ya kodi ya mirathi.

MHURI: Kodi! Angalau kuna jambo moja la maana katika habari hii. Nchi ya asili?

BAISKELI: Uhispania, kwa mchoraji.

PLASTIKI: Ufaransa, kwa kitambaa. Na kiwanda kisisahaulike. Aliyebuni ule mchoro wa henzerani hajatajwa na mtu yeyote, na kazi yake ndiyo inayotazamwa.

PANYA: Halafu kuna vinyago. Kahnweiler, aliyekuwa akiwauzia picha zao, alisimulia kwamba Picasso alikuwa na kinyago cha Wagrebo, watu wa huko Liberia na Ivory Coast, macho yake yametokeza mbele kama vipande vya bomba. Jicho ni shimo usoni, lakini mchongaji alilitoa nje. Picasso akaona njia. Mwaka ule ule wa 1912 akatengeneza gitaa la karatasi, na tundu lake la sauti likatokeza nje vile vile.

JERIKENI: Mgrebo alilipwa?

PANYA: Kitabuni hana hata jina.

MHURI: Basi hapo pa asili nitaandika "mchanganyiko".

KAMBA: Andika tu, hata mimi utaniandika hivyo. Mnaniita kamba ya katani ya kwetu, na Tanga wanaapa kwa jina langu. Babu zangu ni wa Meksiko. Mwaka 1893 Mjerumani aitwaye Hindorf aliagiza miche 1,000, wakafika 62 tu wakiwa hai. Wengi mnaowaona wamelala mashambani kutoka Tanga mpaka Kilifi ni uzao wa wale. Nikiulizwa nchi ya asili huwa nauliza, unataka ya mwaka gani?

MHURI: Ya kwenye risiti.

PANYA: Umenikumbusha ndugu yako wa New York. Mwaka 1926 mchongaji Constantin Brancusi alipeleka huko ndege wa shaba, hana mabawa, hana mdomo, amebaki kule kupaa tu. Kazi za sanaa zilikuwa hazitozwi ushuru. Ofisa akageuza ndege juu chini, akafungua daftari, akamtoza asilimia 40 kwenye fungu la vyombo vya jikoni na vifaa vya hospitali.

BIRIKA: Vyombo vya jikoni?

PANYA: Fungu lako.

BIRIKA: Sijui nifurahi au nikasirike. Kwa nini anayefanana nami atozwe kama ametukanwa?

PANYA: Walikwenda mahakamani. Mashahidi wakaulizwa, wewe ukikutana naye msituni utampiga risasi kama ndege? Mwishoni mwa 1928 hakimu akaamua ni sanaa.

MHURI: Ofisa alikuwa sahihi. Alitazama fomu, na fomu haikuwa na mahali pa kupaa.

(Baiskeli alipiga kengele hapo. Huenda ilikuwa upepo.)

JERIKENI: Mimi kuna jambo linanitatiza. Vinyago vimetoka Afrika vikaenda Paris. Vikatoka huko vikiwa picha. Picha zikaingia vitabuni. Vitabu vikaja wapi?

PANYA: Makerere. Margaret Trowell aliyeanzisha masomo ya sanaa pale miaka ya 1930 hakutaka hata kuwaonyesha wanafunzi michoro ya Ulaya, alihofia wataiga. Mwishoni mwa miaka ya 1950 akashika usukani Cecil Todd, yeye akafungua dirisha lote: Cézanne, Braque, Picasso, twende. Mtoto wa Tororo akasoma usiku na mchana jinsi Mhispania alivyojifunza kwa kinyago.

MHURI, akichangamka mara ya kwanza: Hiyo naijua! Malighafi imesafirishwa ghafi, imesindikwa nje, imerudi ikiwa imekamilika. Ushuru unalipwa na anayeipokea.

JERIKENI: Yaani kama kahawa.

MHURI: Kama kahawa kabisa. Na vinyago vilipotoka, nani aligonga mhuri?

PANYA: Hakuna.

MHURI: Basi kisheria havikutoka.

PLASTIKI: Acheni kulia kwa jicho moja. Yule bwana alichukua kinyago, sawa, na kusema alichukua ni haki. Lakini alichukua pia kitambaa cha meza ya bei rahisi kutoka mtaani kwake, na hakuna anayesema Ulaya imeniibia. Mkisema kila kitu ni kinyago, mnaniondoa mimi kwenye picha, na mimi nimeshikwa hapo kwa gundi.

BAISKELI: Na kule Nyero, Kumi? Nimepita nikienda Soroti. Miduara ndani ya miduara, myekundu, juu ya mwamba. Haikungoja Paris. Waliochora walikuwapo kabla ya Wateso kufika, wakaondoka bila kuacha maelezo.

MHURI: Wala fomu?

BAISKELI: Wala fomu, ssebo. Mwamba mtupu na miduara. Kila mgeni anayekuja anasema ni jua, anayemfuata anasema ni mvua, na mwenyeji anawauzia soda wote wawili.

Saa kumi na moja alfajiri Mama alifungua mlango, na mazungumzo yakakatika kama kawaida katikati ya neno. Akawasha jiko. Mteja wa kwanza alikuwa dereva wa trela, ametoka Mombasa, anakwenda Kampala, macho mekundu. Alishika glasi yake ya chai, akasimama mbele ya bango muda mrefu kuliko mtu mwenye usingizi anavyosimama.

DEREVA: Mama, meza hii mbona haijapanguswa?

MAMA: Ipi? Nimepangusa zote.

DEREVA: Hii ya ukutani.

MAMA: Hiyo ni ya mtoto wa Makerere. Mimi sijui hata juu ni wapi.

DEREVA: Mtu alikuwa hapa. Amekunywa, amekata limau, ameweka kiko chini, amesukuma gazeti. Glasi aliitazama akiwa amekaa, akaitazama tena akiinuka. Na kiti alichoondoka ndicho hicho. Ameondoka sasa hivi. Alilipa?

MAMA: Hakulipa! Chapati nne na chai mbili.

PANYA, kwa sauti ya chini: Kurasa zote nilizokula hazikuwa na maneno hayo.

BIRIKA: Zingekuwa nayo, zisingekuwa nene.

Dereva alicheka, akatoa pesa, akalipa deni la kijana pamoja na chai yake. Alilibandua bango taratibu, akalikunja, akatazama huku na huku atafute kitu cha kulifungia. Kamba alikuwa juu ya gunia.

PLASTIKI: Kamba tena!

KAMBA: Si ulisema mimi ni wa nje?

MHURI: Subirini! Anavuka nayo! Jina la bidhaa halijaandikwa, nchi ya asili iko wazi, thamani haipo!

JERIKENI: Andika "meza".

MHURI: Meza ni samani, samani ina namba yake, na ile ni karatasi iliyofungwa kwa mmea wa Meksiko. Panya, wewe unayejua kila kitu, iandikwe nini?

PANYA: Akipita barabara kuu, mkague. Akipita njia yangu, hamkumwona.

BAISKELI: Na trela je? Litapita njia ya panya?

PANYA: Nimeona makubwa kuliko hilo yakipita.